Somo: Kwa Nini Twajisamehe Tusiyowasamehe Wenzetu



Leo tutaeleza dhambi ya unafiki. Wengi wadhani mnafiki ni mtu asiyeijua sheria. Sivyo. Mara nyingi aijua sana, tena aipenda. Lakini aipenda juu ya wenzake tu.

Swali: Twajifunza wapi jambo hili?

Jibu: Katika habari ya mfalme Daudi, Kitabu cha Pili cha Samweli. Daudi alimtwaa mke wa Uria, askari wake mwaminifu. Kisha akaagiza Uria awekwe mahali pa vita vikali, apate kufa. Na barua ya agizo hilo aliichukua Uria mwenyewe. Baadaye nabii Natani akamletea mfalme shauri: tajiri mwenye kondoo wengi alipata mgeni, akachinja kondoo mmoja tu aliyekuwa naye maskini. Daudi akawaka hasira, akasema mtu huyo astahili kufa, tena alipe mara nne. Angalieni: mara nne ndiyo hesabu ya Torati kwa kondoo aliyeibwa. Sheria aliijua mpaka hesabu yake! Ndipo Natani akamwambia kwamba tajiri yule ni yeye mfalme.

Swali: Kwa nini Daudi hakujitambua?

Jibu: Kwa sababu mbili. Kwanza, tendo la jirani twaliona wazi, na sababu zake hatuzioni. Bali katika tendo letu twatanguliza sababu: nilichoka, nilikuwa na shida, ni mara moja tu. Mwenzetu twampima kwa tendo, sisi twajipima kwa udhuru. Mkuki kwa nguruwe, kwa mwanadamu mchungu.

Pili, cheo. Mwenye kuwashikisha wengine sheria hudhani kuitangaza ni kuitimiza. Nchi yetu yalijua jambo hili kwa machozi. Mwaka 1889 na 1890 mataifa yalikutana Brussels, katika ufalme wa Leopold wa Pili, kupinga biashara ya watumwa. Na Leopold huyo ndiye aliyekuwa mtawala wa Kongo. Lakini katika miaka iliyofuata, watu wa Kongo walilazimishwa kutafuta utomvu wa mpira msituni, na wanawake wakafungwa hata waume walete mzigo. Mwaka 1908 Kongo ilitolewa mikononi mwake.

Wala tusiseme, hayo ni ya wafalme. Baba ampiga mtoto kwa uongo, jioni anayemdai abisha hodi, naye amwagiza mtoto yule yule: «Mwambie baba hayupo.» Mtoto amejifunza nini? Ya kuwa uongo ni dhambi ya wadogo tu.

Swali: Dawa yake ni nini?

Jibu: Ni ile ya Natani. Yeye aliondoa jina la Daudi katika shauri, na mara Daudi akahukumu kwa haki. Nawe kabla ya kuungama, litwae tendo lako, liwekee jina la mtu usiyempenda. Jiulize: ningemhukumuje huyu? Hukumu hiyo ndiyo yako. Kisha umpe jirani udhuru uliojiwekea.

Daudi aliposikia, hakumfukuza nabii. Aliungama papo hapo, na Mungu akamwondolea dhambi yake. Basi anayekuonyesha kosa lako, mkaribishe.

Zoezi la juma hili: Kila mmoja nyumbani atafute amri moja anayowaamuru wengine, na aanze kuishika yeye kwanza.