Siku ya Pasta ya Kupumzika Inatuhusu Sisi Wamama

Kuna neno tunalolisikia mara nyingi tukingoja maji kwenye bomba: "Pasta ana bahati! Anafanya kazi siku ya Mungu tu, siku sita anakaa." Basi, juma hili tuhesabu kazi yake pamoja.

Mahubiri yanatayarishwa siku nyingi kabla. Katikati ya juma kuna mafundisho ya ubatizo, maombi na mkutano wa wazee wa kanisa. Kuna wagonjwa wa kutembelea hospitalini, wachumba wa kufundisha, bibi na bwana waliogombana wanaotaka kusikilizwa. Kilio nacho hakina saa: mtu akifa usiku wa manane, simu ya kwanza ni ya pasta. Na kwa sababu katika parokia nyingi sadaka haitoshi kulisha jamaa yake, pasta wengi huku kwetu Kivu wana kazi ya pili. Mmoja anafundisha, mwingine ni fundi, mwingine analima mihogo na maharagwe.

Halafu tukimkuta siku moja anavua samaki ziwani, anapiga gitaa au anatazama mpira na vijana, tunanong'ona: "Hana kazi huyu?" Tufikiri kidogo. Shida za watu haziishi. Leo anapatanisha jamaa moja, kesho nyingine inagombana. Lakini akilima kitalu cha lengalenga au vitunguu, jioni anaona kwa macho yake kwamba amemaliza. Moyo wa mtu unahitaji kazi yenye mwisho.

Anayelipa deni la kazi hii ni nyumba yake. Mama pasta anapikia wageni bugali hata kama mfuko wa unga umebaki chini kabisa. Sisi walimu tunawaona watoto pia. Siku ya kutoa biletini, mtoto wa pasta anaweza kuja na mama peke yake, kwa sababu baba ameitwa kwa jamaa nyingine. Mtoto hasemi kitu, lakini anahesabu.

Biblia inalijua jambo hili. Katika Kutoka sura ya 18, Yethro alimletea Musa mke wake Sipora na watoto wao wawili, waliokuwa wamekaa mbali naye. Kesho yake akamwona Musa akihukumu watu toka asubuhi mpaka jioni. Hakumsifu kwa bidii. Alimwambia kwamba atachoka kabisa, yeye na watu wake, na kwamba achague wasaidizi wa watu elfu, mia, hamsini na kumi. Mambo makubwa tu yamfikie yeye.

Daktari Denis Mukwege wa Bukavu, aliyepewa Tuzo ya Nobel ya Amani mwaka 2018, ni mtoto wa pasta. Ameeleza kwamba utotoni alifuatana na baba yake kumwombea mtoto mgonjwa, akamwuliza kwa nini hampi dawa. Baba alijibu kwamba yeye si daktari. Pasta yule alijua mpaka wa kazi yake, na mtoto wake, kwa kutembea naye, alipata kazi ya maisha yake.

Basi vikundi vyetu vifanye nini?

Kwanza, tumwulize mama pasta siku gani inafaa kuwa ya jamaa yao. Kwa wengi ni Juma tatu. Siku hiyo itangazwe kanisani, watu wote waijue.

Pili, tutenganishe mambo. Kifo, mgonjwa mahututi, mtu anayepigwa nyumbani: piga simu saa yoyote. Ugomvi wa mpaka wa shamba, tarehe ya harusi, barua ya kusahihishwa: vingoje kesho, au vipelekwe kwa mzee wa kanisa.

Tatu, tuwe wale wasaidizi wa watu kumi. Mama aliyejifungua anaweza kutembelewa na wamama watano wenye sabuni na unga, nao wakamwombea. Tukiona jambo linazidi nguvu zetu, ndipo tumjulishe pasta.

Nne, tukienda kumtembelea pasta, tusiende mikono mitupu.

Na mkimkuta siku yake ya kupumzika akiwa na ndoano mkononi au na watoto wake njiani, msalimieni vizuri, kisha mpite.