Kipimo Gani cha Mafuta ya Mwili Tukiamini?

Ndugu msomaji, mwishoni mwa msimu wa korosho mama mmoja mkulima alifika zahanati hapa Mpapura ameshika kikaratasi. Alikuwa amekwenda mjini Mtwara kununua mabati. Karibu na stendi alimkuta kijana mwenye mzani wa umeme. Akalipa, akavua viatu, akapanda, akaandikiwa: "Mafuta asilimia 43." Kijana akamwambia kwamba karibu nusu ya mwili wake ni mafuta matupu, hivyo apunguze kula. Mama yule akatii. Kwa wiki tatu alikula mlo mmoja kwa siku, na huku anapalilia shamba. Alipofika kwangu alikuwa na kizunguzungu.

"Mwanangu," aliniuliza, "mafuta haya wameyaonaje, na mimi hawakunipasua?"

Swali hilo ndilo la makala haya. Jibu lake ni kwamba hawakuyaona. Walikisia. Kila kipimo cha mafuta ya mtu aliye hai ni makisio, ila yako makisio mazuri na mabaya.

Sisi wa huku tunalielewa jambo hili kwa korosho. Ukipeleka gunia kwenye chama cha msingi, mzani hutaja kilo tu. Hausemi kama ndani mna viini vizuri, au maganda matupu, au unyevu. Ndiyo maana mpimaji wa ubora huchota korosho chache, akazikata, akatazama na kupima viini vyake. Mwili wa binadamu nao ni gunia lililofungwa. Ndani mna maji, nyama, mifupa na mafuta, na hatuna ruhusa ya kulikata.

Basi wataalamu walitafuta njia ya kupima bila kukata. Waliyoitegemea kwa muda mrefu ni maji. Mama anapochemsha tui la nazi, mafuta hupanda juu kwa sababu ni mepesi kuliko maji. Mafuta ya mwilini yenye ujazo wa lita moja yana uzito wa gramu 900 hivi. Nyama, mifupa na maji ya mwilini, vikichanganywa pamoja, kwa ujazo huo huo vina gramu 1,100 hivi. Kwa hiyo mtu hupimwa uzito nchi kavu, kisha hupimwa akiwa amezama majini, na tofauti hutoa hesabu ya mafuta. Mwaka 1942 madaktari wa jeshi la majini la Marekani, akiwamo Albert Behnke, waliwapima hivyo wachezaji wa mpira wa Kimarekani. Kwa majedwali ya uzito ya wakati ule wengi wa vijana hao walihesabiwa kuwa wanene mno, wasiofaa jeshini. Majini ilionekana kwamba uzito wao ulikuwa misuli, na mafuta yalikuwa machache.

Lakini nani atajenga birika la namna hiyo kijijini? Ndipo zikatafutwa njia za mkato. Mwaka 1974 Durnin na Womersley, wa Glasgow huko Uskoti, waliwapima watu 481 kwa maji, kisha wakawafinya ngozi kwa koleo maalumu sehemu nne: mbele ya mkono wa juu, nyuma yake, chini ya bega mgongoni, na juu ya nyonga. Wakatengeneza jedwali la kugeuza unene wa mikunjo hiyo kuwa asilimia ya mafuta. Ni njia nzuri kwa mwenye mkono uliozoea. Asiyezoea hufinya na nyama, na wapimaji wawili hupata majibu mawili kwa mtu mmoja. Tena jedwali lile lilitokana na watu wa huko, wala si wavuvi wa Msimbati wala wakulima wa Mpapura.

Sasa tuutazame mzani wa umeme uliomtia mama yule njaa. Mzani huo hupitisha umeme mdogo sana, usiosikika, kutoka unyayo mmoja hadi mwingine. Umeme hupita vizuri penye maji na chumvi, kama kwenye misuli, na hupita kwa shida kwenye mafuta. Mashine hupima shida hiyo, ikakisia maji yaliyomo mwilini, kisha ikatumia umri, kimo na jinsia iliyoambiwa kukisia mafuta. Ni makisio juu ya makisio. Mtu aliyetoka jasho shambani bila kunywa maji huweza kuambiwa ana mafuta mengi kuliko aliyo nayo. Nyayo zenye magaga na vumbi hazigusi chuma sawasawa. Na kama kijana alisahau kufuta kimo cha mteja aliyetangulia, mashine hukujibu wewe kwa kimo cha mwenzako. Nilimwuliza mama kama aliulizwa umri na kimo chake. Hakuulizwa chochote. Mwenye mzani wake nyumbani aweza kuutumia asubuhi kwa asubuhi, kwa hali ile ile, kutazama kama namba inapanda au inashuka. Asilimia ya siku moja asiibebe kama hukumu.

Kuna na hesabu tunayoitumia kliniki: uzito kwa kilo, ugawanywe kwa kimo cha mita kilichozidishwa kwa chenyewe. Msingi wake uliwekwa na Mbelgiji Adolphe Quetelet katika karne ya 19. Kwa mtu mzima, jibu la 25 au zaidi huitwa uzito uliozidi. Hesabu hii hufaa kwa kuhesabu watu wengi. Kwa njia hiyo uchunguzi wa afya wa taifa wa mwaka 2015-16 ulionyesha kwamba wanawake 28 katika kila 100 wa umri wa miaka 15 hadi 49 walikuwa na uzito uliozidi. Kwa mtu mmoja mmoja huweza kukosea, maana ni mzani ule ule wa gunia. Chukua mfano wa mbeba mizigo wa bandarini na mwenye duka anayekaa kutwa. Wote wana kimo cha sentimita 168 na kilo 76. Wote hupata 26.9. Lakini mmoja ana kiuno cha sentimita 82, na wa pili sentimita 98. Huyu wa pili ndiye ninayemwogopea kisukari na shinikizo la damu, kwa sababu mafuta yanayojaa tumboni, kuzunguka ini na matumbo, ndiyo yenye madhara zaidi.

Kwa hiyo, ndugu msomaji, ukiniuliza mimi, chagua futi ya fundi cherehani. Haitakupa asilimia, lakini itakuonyesha mafuta yaliko, na hilo ndilo tulilotaka kujua. Shirika la Afya Duniani limetaja kwamba hatari huanza kuongezeka kiuno kikifika sentimita 94 kwa mwanamume na 80 kwa mwanamke, na huwa kubwa zaidi kikipita 102 na 88. Namba hizo zilitokana hasa na watu wa Ulaya. Mimi napenda zaidi njia isiyohitaji hata namba: kiuno kisifike nusu ya kimo chako. Mwaka 2022 taasisi ya Uingereza inayotoa miongozo ya tiba iliwashauri watu wazima vivyo hivyo.

Chukua kamba isiyovutika. Kanyaga ncha moja kwa kisigino, mwenzako aivute hadi utosini, aikate hapo. Ikunje katikati. Sasa izungushe kiunoni. Ncha zikikutana au kupishana, vema. Zikishindwa kukutana, kiuno kimezidi nusu ya kimo, njoo upimwe shinikizo na sukari.

Lakini kiuno chenyewe ni wapi? Hapa wengi hukosea, na mimi nilikosea. Katika kituo cha kwanza nilichopangiwa, niliwapima akina mama juu ya khanga kwa karibu mwezi mzima, kwa kuona haya. Fundo la khanga peke yake laweza kuongeza sentimita kadhaa. Nilipogundua ilinibidi niwaite tena, na baadhi yao walinicheka mbele ya wagonjwa. Basi fungua khanga au msuli, mwanamke apimwe na mwanamke mwenzake akipenda. Papasa ubavuni utafute ubavu wa chini kabisa, kisha mfupa wa juu wa nyonga. Katikati ya hapo ndipo. Simama wima, miguu karibu karibu, pumua kawaida, na soma pumzi inapotoka. Usivute tumbo ndani. Hapa hakuna wa kumdanganya. Kamba iguse ngozi bila kubana, iwe sawa mbele na nyuma. Pima mara mbili. Majibu yakipishana zaidi ya sentimita moja, rudia. Futi iliyozeeka hurefuka, kwa hiyo ilinganishe kwanza na rula ya mwanafunzi.

Mjamzito asipimwe hivi. Tena tumbo linalokua upesi wakati mikono inakonda huweza kuwa maji, bandama au uvimbe. Huyo aje zahanati bila kusubiri kamba.

Na tafadhali, kamba hii si ya watoto wadogo. Katika uchunguzi ule ule wa 2015-16, watoto 34 katika kila 100 walio chini ya miaka mitano walikuwa wamedumaa. Mtoto wa miezi 6 hadi 59 hupimwa mkono wa juu kwa utepe wa kliniki. Chini ya sentimita 12.5 ana utapiamlo. Chini ya 11.5 ni utapiamlo mkali. Lakini usitegemee utepe peke yake. Wako watoto wanaosifiwa barazani kwa mashavu na miguu minene, kumbe wamevimba kwa kwashakoo. Bonyeza juu ya nyayo zote mbili kwa vidole gumba, hesabu sekunde tatu, achia. Kikibaki kishimo miguu yote miwili, mlete mtoto siku hiyo hiyo, hata kama mzani unasema ana kilo za kutosha.

Yule mama tulimpima kwa kamba. Ncha zilipishana upana wa vidole vinne. Shinikizo lake lilikuwa la kawaida, sukari nayo kawaida. Nilimwambia arudie milo yake, ugali, samaki na kisamvu, na anywe maji anapokuwa shambani. Kikaratasi cha stendi alikiacha mezani kwangu. Kamba aliondoka nayo, akasema jioni ile anataka kumpima mzee wake.