Kitenzi cha Kihispania hubeba nafsi mwishoni

Anayejifunza Kihispania huku akijua Kiswahili ana faida moja: amezoea kuiona nafsi ndani ya kitenzi. Tofauti ni mahali pake. Kiswahili huitanguliza, kama katika "ninazungumza". Kihispania huiweka mwishoni.

Vitenzi vya kawaida vimegawanyika katika makundi matatu, kwa kufuata miisho ya -ar, -er na -ir. Katika wakati uliopo, mwisho huo huondolewa na nafasi yake kuchukuliwa na kiambishi cha nafsi. Hablar, yaani kuzungumza, huwa hablo, hablas, habla, hablamos, habláis na hablan. Comer, yaani kula, huwa como, comes, come, comemos, coméis na comen. Vivir, yaani kuishi, hufuata mkondo wa comer, isipokuwa katika vivimos na vivís.

Mambo mawili yahitaji uangalifu. Kwanza, anayeheshimiwa huitwa usted, na kitenzi huchukua umbo la nafsi ya tatu: habla, si hablas. Pili, mkazo hugeuza maana: hablo ni "ninazungumza", lakini habló ni "alizungumza". Kwa hiyo maumbo haya yafaa yatamkwe kwa sauti, yasiishie daftarini.