Je, Wajua? Weusi wa Kona za Bafu
Madoa meusi kwenye kona za bafu ni kuvu, na huweza kuanza kuota ndani ya saa 24 hadi 48 mahali palipobaki na unyevu. Vijimbegu vyake huelea hewani. Vikivutwa, baadhi ya watu hupiga chafya, hukohoa na kuwashwa macho, na mwenye pumu huweza kubanwa kifua. Huyo asipewe kazi ya kusugua. Kwa doa dogo kwenye vigae, brashi na maji ya sabuni hutosha. Klorini isichanganywe kamwe na dawa ya choo yenye asidi: hutoa gesi ya sumu. Kupaka rangi juu ya doa, dawa pendwa ya wenye nyumba, hulificha tu. Bomba linalovuja lisipozibwa na dirisha lisipofunguliwa, kuvu hurudi.