Nyumba Ndani ya Mita Mbili

Mwaka 1939, kwenye karakana ya Tooley mjini Banbury, Oxfordshire, mhandisi kijana L. T. C. Rolt alikuwa akikamilisha kazi ambayo wakati huo ni wachache walioiona kuwa na maana. Alikuwa akiigeuza Cressy, boti ya mbao iliyojengwa kubeba mizigo kwenye mifereji ya Uingereza, iwe nyumba ya kuishi. Julai mwaka huo yeye na mkewe Angela walihamia humo wakaanza safari. Kitabu alichokiandika kuhusu safari hiyo, Narrow Boat, kilitoka mwaka 1944, na miaka miwili baadaye Rolt na Robert Aickman wakaanzisha chama cha kuitetea mifereji hiyo, ambayo mingi yake ilikuwa imeachwa ijae matope na majani.

Leo shirika la Canal & River Trust, lililokabidhiwa mifereji hiyo mwaka 2012, linatunza takriban kilomita 3,200 za mifereji na mito katika England na Wales, na boti zaidi ya 30,000 huelea humo. Nyingi ni za mapumziko, lakini maelfu ni makazi ya kudumu. Miongoni mwa wanaoishi humo wapo walionunua boti kuukuu, wakang'oa kila kitu kilichokuwa ndani, na kuijenga upya kwa mikono yao wenyewe. Ni kazi ngumu na yenye kuridhisha sana. Inayoiamua kuliko yote ni sehemu ambayo mgeni akikaribishwa chai hataiona kamwe.

Kwanza vipimo. Mhandisi James Brindley na wenzake walipochimba mfereji wa Trent and Mersey, uliokamilika mwaka 1777, walijenga loki nyembamba ili kuokoa gharama na maji. Loki ni chumba cha mawe au matofali chenye milango pande mbili. Boti huingia, milango hufungwa, na maji huongezwa au kupunguzwa mpaka boti ipande au ishuke kufikia usawa wa pili. Loki za Brindley zina upana wa mita 2.1 hivi na urefu wa karibu mita 22. Chombo kinachotaka kupita humo hakina hiari: upana wake ni mita 2.08, karibu sawa na ule wa basi dogo la Toyota Coaster, ingawa urefu wake unaweza kuwa mara tatu ya basi hilo. Wengi huchagua urefu wa mita 17 hivi, kwa sababu loki za baadhi ya mifereji ya kaskazini ni fupi, na boti ya kipimo hicho huweza kwenda karibu kila mahali.

Ukiondoa unene wa kuta, nafasi inayobaki ndani ni chini ya mita 2. Kitanda cha watu wawili cha sentimita 120 huacha kijia cha kupita mtu mmoja. Anayetaka kujua jinsi ya kuishi katika ufinyu huo hana haja ya magazeti ya mapambo. Wapo waliotatua suala hilo zamani.

Wanamaji wa mifereji wa karne ya 19 waliishi na familia zao katika chumba cha nyuma chenye urefu wa takriban mita 3 tu, kwani sehemu yote iliyobaki ilikuwa ya shehena, na shehena ndiyo iliyowalisha. Aliyeingia kutoka tezi alikanyaga sanduku la makaa, ambalo ndilo lilikuwa ngazi. Kushoto kwake palikuwa na jiko la chuma, na kando ya jiko kabati ambalo mlango wake ulifungukia chini ukawa meza. Kulia palikuwa na benchi: mchana la kukalia, usiku la kulaza mtoto, na ndani yake mahali pa kuhifadhia vitu. Mbele zaidi, ubao uliteremshwa usiku ukakatisha chumba kutoka ubavu hadi ubavu kuwa kitanda cha baba na mama. Asubuhi ulirudishwa mahali pake na njia ikafunguka. Milango ilichorwa mawaridi na makasri kwa rangi kali, sahani zenye kingo za matundu zilitundikwa ukutani, na shaba ilisuguliwa mpaka ikang'aa. Msongamano ulikuwa mkubwa kiasi kwamba sheria ya mwaka 1877 ililazimisha boti za namna hiyo zisajiliwe na kuwekewa kikomo cha watu wanaolala humo. Hata hivyo, kwa ustadi wa kukipa kila kitu kazi mbili au tatu, hakuna mpangilio wa leo unaoushinda ule. Mwenye boti anayeanza kuchora ramani ya jiko na kitanda angefanya vyema kutembelea jumba la makumbusho la mifereji, kama lile la Stoke Bruerne huko Northamptonshire, kabla ya kununua ubao wa kwanza.

Ubao, hata hivyo, uko mbali bado.

Boti nyingi zinazouzwa leo ni za chuma. Zile mpya kwa kawaida huwa na bamba la milimita 10 chini, 6 ubavuni na 4 kwenye kuta za chumba, lakini boti nyingi za zamani zilianza na bamba jembamba zaidi, na kutu huwa imekwisha kula sehemu yake. Kwa hiyo mnunuzi mwenye busara huitoa boti majini na kumlipa mkaguzi, ambaye hugonga kwa nyundo na kupima unene kwa mawimbi ya sauti, hatua kwa hatua kutoka omo hadi tezi. Kampuni nyingi za bima husita chuma kikiwa chini ya milimita 4. Penye udhaifu hulazimika kuchomelewa bamba jingine juu ya la zamani, na kazi hiyo lazima itangulie kila kitu, kwa kuwa moto wa kuchomelea ukikuta povu la kuzuia baridi na mbao upande wa ndani, boti yote huungua. Nje, chuma hupakwa lami kila baada ya miaka miwili au mitatu. Ndani, kutu huanzia kwenye ngama, chini ya sakafu, ambako maji hujikusanya bila mtu kujua. Sakafu ya zamani ing'olewe yote, hata kama inaonekana nzima.

Sakafu ikishatoka, farumi hujitokeza: matofali, mawe ya kutandaza njia, au vipande vya chuma vilivyopangwa ili boti izame kiasi kinachotakiwa na isilale upande. Hapo hesabu ndogo inasaidia. Boti ya mita 17 hukalia maji kwa eneo la takriban mita za mraba 30, kwa hiyo kila kilo 300 zikisambazwa sawasawa huishusha kwa sentimita moja hivi. Tangi la maji la lita 500, ambalo kwa desturi hukaa omo, ni nusu tani. Likijaa omo hushuka, likiisha hupanda. Jiko la chuma, kabati za vyombo na betri vikiwekwa vyote upande mmoja, boti huinama, na mwenyewe hugundua hilo kwa supu inayokwenda pembeni mwa sahani. Farumi iliyotolewa wakati wa ukarabati ipimwe na kuandikwa ilikokuwa, kisha irudishwe juu ya vipande vya mpira au plastiki ili hewa ipite chini yake na chuma kikauke.

Adui anayefuata hutoka kwa wakazi wenyewe. Watu wawili wakilala, wakipika na kuoga ndani ya boksi la chuma wakati wa baridi, mvuke wao hukimbilia kwenye bamba la ubaridi na kugeuka matone. Gesi nayo huongeza: kila kilo moja ya propani inayoungua huzaa zaidi ya kilo moja na nusu ya maji. Ndiyo maana povu la poliurethani linalopulizwa moja kwa moja juu ya chuma hupendwa kuliko vizuizi vingine vya baridi. Hung'ang'ania bamba na kutoacha upenyo wa hewa yenye unyevu. Mbao za polistireni zilizotumiwa sana zamani huacha mianya, na zikigusa waya za umeme zenye ganda la PVC, ganda hilo hukakamaa na kupasuka. Fundi anayebandua ukuta wa zamani akakuta mipira myeupe imeganda kwenye waya, waya hizo zote azitoe.

Baada ya hapo ndipo seremala anapoingia, na hapo kifaa chake anachokiamini kuliko vyote, pima maji, hakina kazi tena. Chombo kinachoelea hakikai sawa. Mtu akihama upande, usawa nao umehama. Kuta za chumba huinamia ndani, paa limepinda, na boti kuukuu huwa na mataruma yasiyolingana. Hivyo vipimo vyote huchukuliwa kutoka kwenye sakafu kwa kutumia guni, na kila kipande cha plaiwudi hukatwa kwa kufuata kigezo cha kadibodi kilichojaribiwa mahali penyewe.

Umeme wa volti 12 una tabia inayowashangaza waliozoea wa nyumbani: unachoka njiani. Chukua friji inayovuta ampea 4, iliyo mita 8 kutoka kwenye betri. Umeme husafiri mita 16 kwenda na kurudi. Katika waya wa shaba wa milimita za mraba 1.5, karibu robo tatu ya volti hupotea. Katika waya wa milimita za mraba 6, hasara haifiki robo ya volti. Friji nyingi zinazodhaniwa mbovu hazina kosa lolote isipokuwa waya mwembamba. Waya wa boti pia uwe wa nyuzi nyingi, kwa kuwa ule wa uzi mmoja wa kwenye kuta za nyumba hukatika kwa mtetemo wa injini.

Kuna mahali ambapo mikono ya mwenyewe inapaswa kusimama. Propani ni nzito kuliko hewa. Ikivuja hutuama chini na haina njia ya kutokea. Mitungi huwekwa katika sanduku lililozibwa lisiingize gesi ndani, lenye tundu la kuimwaga nje ya boti, na kwenye boti ya makazi sheria huitaka kazi ya gesi ifanywe na fundi aliyesajiliwa. Jiko la kuni na makaa linahitaji jiwe chini, ukuta usioshika moto nyuma, dohani isiyovuja, na matundu ya hewa yasiyozibwa hata usiku wa theluji. Tangu Aprili 2019 kengele ya kutambua kaboni monoksidi ni sharti la usalama katika boti zenye vyumba vya kukaa, na sharti hilo limetokana na vifo vya watu waliolala wasiamke.

Kabla ya kupata leseni ya kuelea mferejini, boti hukaguliwa na kupewa cheti cha usalama cha miaka minne. Mkaguzi hutaka kuona mabomba ya gesi, viungo vya mafuta, fyuzi na betri zilivyofungwa, kwa hiyo kabati nzuri iliyopigiliwa misumari juu ya bomba huishia kubomolewa. Mafundi wenye uzoefu hufunga kuta na sakafu kwa parafujo badala ya gundi, na huacha kifuniko kidogo sehemu ya chini kabisa karibu na tezi. Samani zote zikishaingia na tangi likijazwa, kifuniko hicho hufunguliwa, farumi husogezwa tofali kwa tofali mpaka boti ikae wima, na kila mwezi mkono hupitishwa humo kuhakikisha kwamba ngama ni kavu.