Tiwi: Chumvi ya bahari na chaja duni zinavyoua simu

MTU anayejenga nyumba karibu na ufuo wa Tiwi hahitaji kuambiwa na mtaalamu kwamba hewa ya bahari hula chuma. Mabati yaliyoezekwa hatua chache kutoka majini hushika kutu mapema kuliko yale ya Tiwi Sokoni, kando ya barabara kuu ya Likoni kuelekea Lunga Lunga, na hayo nayo hayadumu kama yale ya mji wa Kwale kule juu vilimani. Bawaba za milango, kufuli na minyororo ya baiskeli husimulia habari hiyo hiyo. Ajabu ni kuwa mtu huyo huyo, ambaye yuko radhi kuongeza fedha apate mabati yaliyopakwa rangi, hununua simu ya maelfu ya shilingi kisha akailaza usiku kucha kwenye dirisha linaloelekea bahari, imechomekwa kwenye chaja ya shilingi mia moja.

Na simu hiyo si pambo. Tangu huduma ya M-Pesa izinduliwe nchini Machi 2007, rununu imekuwa mkoba wa mchuuzi wa samaki, daftari la mwendeshaji tuktuk, na ofisi nzima ya kijana anayetembeza wageni kwenye mwamba maji yanapokupwa. Ikifa siku moja tu, kazi ya siku hiyo imekufa pia. Ndiyo sababu inafaa kuelewa ni nini hasa huiua, kwa kuwa mara nyingi lawama humwangukia mtengenezaji ilhali chanzo kiko nyumbani.

Tuanze na chumvi. Mawimbi yanapovunjika mwambani hurusha matone madogo mno yasiyoonekana kwa macho, na upepo, hasa kusi inayovuma kati ya Aprili na Septemba, huyasukuma nchi kavu. Maji hukauka, chumvi ikabaki juu ya kila kitu: meza, nguo, kibodi ya tarakilishi na tundu la chaji la simu. Mchana chumvi hiyo kavu haina madhara makubwa. Lakini chumvi ina tabia moja ambayo kila mpishi wa pwani anaijua kutokana na kikopo chake cha jikoni: hunyonya unyevu wa hewani. Unyevu ukifikia takriban asilimia 75, hali ambayo ni ya kawaida usiku katika pwani yetu, punje za chumvi huyeyuka zenyewe zikawa utando mwembamba wa maji ya chumvi. Maji ya chumvi hupitisha umeme vizuri mno.

Sasa fikiria tundu la chaji la aina ya USB-C, lililoenea katika simu nyingi za kisasa. Ndani yake mna vipini 24 vya shaba iliyopakwa madini mengine, na nafasi kati ya kipini na kipini ni nusu milimita tu. Utando ule ukitanda humo huku umeme unapita, chuma cha kipini kimoja huanza kumeguka kidogo kidogo na kuhamia kwingine. Matokeo yake ni ule ukungu wa kijani ambao fundi hukuonyesha akikwambia, "Tundu limeoza." Ni kutu ile ile ya mabati, ila hapa umeme unaiharakisha.

Kinga yake haina gharama. Simu isichajiwe dirishani wala barazani usiku. Ihamishiwe chumba cha ndani. Chaji ikijaa, chomoa. Kama umetoka ufukweni, pangusa mikono na uifute simu kwa kitambaa kilicholoweshwa kidogo kwa maji matamu, kisha kwa kikavu, kabla ya kuchomeka chochote. Kila baada ya wiki kadhaa izime, uchokoe tundu taratibu kwa kijiti cha meno cha mti (si sindano, wala pini ya nywele) ili kutoa mchanga na pamba za mfukoni. Simu zinazoonyesha alama ya tone la maji na kukataa kuchaji hazijaharibika. Zinakulinda, na kuilazimisha moja kwa kuzima na kuwasha ni kujitakia hasara.

Hapa yafaa kusema neno kuhusu simu zinazosifiwa kuwa haziingii maji. Alama za IP67 na IP68 zina maana maalum. Tarakimu ya kwanza huhusu vumbi, ya pili maji. Saba ni kuwa kifaa kilizamishwa mita 1 kwa dakika 30 bila kudhurika; nane ni zaidi ya hapo, kwa kina alichokitaja mtengenezaji mwenyewe. Ila majaribio hayo hufanywa maabarani kwa maji matamu yaliyotulia, na kwa simu mpya. Bahari ya Hindi si maji matamu wala haitulii, na gundi inayoziba simu hulegea kwa joto na kwa miaka. Kuogelea nayo ili kupiga picha za samaki ni kamari.

Ikitumbukia, izime mara moja. Betri ikiwa inatoka, itoe. Kisha, japo hili huwashangaza wengi, iondolee chumvi kwa kuisuuza kwa maji matamu kidogo, kwa sababu maji ya bahari yakikauka ndani huacha chumvi itakayoendelea kula saketi kwa miezi. Usiichaji kuona kama "ingali hai". Usiizike kwenye mchele: mapema mwaka wa 2024 kampuni ya Apple iliwaonya wateja wake waziwazi dhidi ya desturi hiyo, kwani chembe za mchele zinaweza kuingia ndani na kuharibu zaidi. Mpelekee fundi siku hiyo hiyo aifungue na kuisafisha kwa alkoholi ya isopropili. Simu iliyoletwa baada ya wiki huwa imeshaamua yenyewe.

Adui wa pili ni chaja, na hapa ndipo hasara inapoweza kugeuka msiba. Ndani ya kile kisanduku kidogo mna pande mbili: upande wa umeme wa ukutani, ambao nchini Kenya ni volti 240, na upande wa volti 5 au zaidi kidogo zinazofika kwenye simu. Kinachozitenganisha ni transfoma ndogo na nafasi iliyoachwa wazi kwenye ubao wa saketi. Katika chaja halali nafasi hiyo ni ya milimita kadhaa. Katika nyingi za bandia zilizowahi kufunguliwa na wahandisi, imepunguzwa hata chini ya milimita moja, fyuzi imeachwa na waya wa transfoma umefungwa kwa karatasi hafifu. Bara kavu chaja kama hiyo inaweza kufanya kazi miaka miwili bila tukio. Mahali ambapo kila usiku utando wa chumvi hutanda juu ya kila kitu, ile nusu milimita ndiyo ukuta pekee kati ya volti 240 na sikio la mtu anayezungumza simu ikichaji.

Kuitambua kunahitaji subira dukani. Ishike mkononi: chaja bandia huwa nyepesi mno, kwa kuwa vilivyopunguzwa ndani vina uzito. Soma maandishi madogo. Umeme unaoingia uandikwe volti 100 hadi 240. Unaotoka utajwe kwa volti na ampea, na ukizidisha tarakimu hizo mbili utapata wati. Makosa ya tahajia katika jina la kampuni au mji ni ushahidi tosha. Tafuta pia kibandiko cha Shirika la Kukadiria Ubora wa Bidhaa (KEBS), ingawa nacho huigwa, hivyo kisiwe kipimo cha pekee. Kama hela hazitoshi vyote, ni heri kununua simu ya bei ya chini kidogo na chaja nzuri kuliko kinyume chake.

Wengine huogopa chaja zenye nguvu, wakidhani ya wati 65 itaiunguza simu ya wati 10. Hofu hiyo haina msingi ikiwa chaja ni halali. Simu ndiyo huomba kiasi inachohitaji, nayo chaja hutoa kilichoombwa. Mabishano haya husikika sana matatuni.

Kwetu kusini mwa Pwani lipo tatizo jingine ambalo bara halionekani sana: zawadi za wageni. Kuanzia Diani hadi Tiwi, familia nyingi zina ndugu, marafiki au waajiri wa zamani walioko Ujerumani, Uswisi au Italia, na mizigo ifikapo huwa na chaja zenye miguu miwili ya mviringo. Soketi zetu ni za mashimo matatu ya pembe nne, kama za Uingereza. Basi kalamu ya wino husukumwa kwenye tundu la juu ili kufungua vifuniko, na miguu ya mviringo ikashindiliwa. Kifaa kitawaka, naam. Lakini miguu hiyo haishiki sawasawa, cheche huruka, plastiki huyeyuka, na fyuzi ambayo hukaa ndani ya plagi ya aina yetu haipo. Adapta nzuri yenye fyuzi ni rahisi kuliko soketi mpya. Anayeletewa kifaa kutoka Marekani achunguze zaidi: chaja za simu na vipakatalishi kwa kawaida hukubali volti 100 hadi 240, ila mashine nyingi za nywele na za jikoni kule hutengenezewa takriban volti 120 pekee, na zikichomekwa Tiwi huungua mara moja.

Kisha kuna umeme wenyewe. Mwaka wa 2023 pekee nchi nzima ilitumbukia gizani mwezi Agosti, Novemba na Desemba, mbali na zile kukatika za mtaani zisizoandikwa magazetini. Kukatika hakuharibu sana. Kurejea ndiko huharibu, kwani volti huweza kupanda ghafla kabla ya kutulia. Ekstensheni ya kawaida, hata iwe na taa nyekundu na swichi kila tundu, haizuii lolote. Kinachofaa ni kile kidhibiti kinachouzwa kwa ajili ya runinga au friji, ambacho hukata umeme ukizidi au kupungua mno na kusubiri kabla ya kuurudisha. Tarakilishi ya mezani na runinga zistahili hicho. Radi inapopiga wakati wa masika, chomoa.

Giza hilo ndilo limefanya betri za kubeba, pawabenki, ziuzwe kama maandazi. Hapa udanganyifu umekithiri, lakini hesabu yake ni nyepesi. Seli moja ya mviringo ya lithiamu, ya aina inayotumika katika nyingi za pawabenki, hubeba takriban mAh 3,500 ikiwa bora kabisa, na uzito wake hukaribia gramu 50. Kwa hiyo pawabenki inayojidai kuwa na mAh 20,000 lazima iwe na seli zisizopungua sita, yaani gramu 300 kabla ya kuongeza kasha. Muuza duka ana mizani ya sukari. Mwombe aiweke hapo. Ikiwa na gramu 150, tarakimu iliyopigwa chapa ni hekaya. Hata ya kweli haitoi yote iliyoandikwa: mAh 10,000 hupimwa kwa volti 3.7 za seli, na baada ya kupandishwa hadi volti 5 na kupotea kidogo njiani, hubaki za kuchaji simu ya mAh 5,000 kama mara moja na nusu. Anayesafiri kwa ndege, iwe kwenda Nairobi au Ghuba, aibebe kwenye mkoba wa mkononi. Hairuhusiwi katika mizigo ya chini ya ndege.

Kwa simu yenyewe, kabla ya kulipa bonyeza *#06#. Nambari ya IMEI itakayotokea ilingane na ile ya kwenye boksi. Wasomaji wenye kumbukumbu watakumbuka usiku wa Septemba 30, 2012, Tume ya Mawasiliano ilipoamuru simu bandia zizimwe na zaidi ya milioni 1 zikanyamaza. Waliokuwa wamenunua kwa bei ya kutupwa hawakurudishiwa chochote.

Vipakatalishi vya mtumba ni habari ndefu, ila moja halikwepeki. Microsoft ilisitisha msaada wa kawaida wa Windows 10 mnamo Oktoba 14, 2025, na nyingi za mashine za Intel zilizotengenezwa kabla ya kizazi cha nane hazikubaliki rasmi kwa Windows 11. Muulize muuzaji kizazi cha kichakataji kabla ya kuuliza bei. Kibodi nayo, kwa anayeishi karibu na maji, ifunikwe usiku kwa kitambaa.

Siku ya kumwachia fundi simu ikifika, toa laini kwanza. Fedha za M-Pesa hazimo ndani ya simu bali zimefungamana na nambari yako, hivyo simu ikifa fedha zipo, na laini mpya hupatikana kwa kitambulisho. Laini iliyosahaulika mikononi mwa mtu mwingine, pamoja na nambari ya siri aliyoombwa mtu "ili ajaribu skrini", ndiyo huleta vilio.

Betri iliyovimba isitobolewe wala kukandamizwa ili kifuniko kifunge. Ndani yake mna gesi inayoshika moto. Itolewe na fundi na kuwekwa nje, mbali na makuti. Isitupwe shimoni pia. Visima vya Tiwi ndivyo hunywesha sehemu kubwa ya kusini mwa Pwani hadi Likoni, na kinachofukiwa katika mchanga huu huteremka na mvua hadi yaliko maji.