Baa yenye bendi kila usiku: Nani anayelipia muziki?

MTEJA anayeketi katika baa yenye bendi jijini Dar es Salaam, akaagiza nyama choma, ndizi na kinywaji baridi, aghalabu huuona muziki kuwa sehemu ya mahali hapo, kama vilivyo viti na taa. Hata hivyo, kila wimbo unaopigwa jukwaani una gharama yake, na namna gharama hiyo inavyolipwa ndiyo huamua iwapo bendi itakuwepo tena wiki inayofuata.

Utaratibu uliozoeleka kwa muda mrefu katika muziki wa dansi ni wa kugawana mapato. Fedha za kiingilio zinazokusanywa mlangoni huwa za bendi, ilhali mauzo ya vinywaji na jikoni hubaki kwa mwenye baa.

Kwa utaratibu huo, mvua ikinyesha jioni, au ikiwa ni katikati ya mwezi na mifuko ya wafanyakazi imekauka, anayeumia kwanza ni mwanamuziki. Mwenye baa bado ana wateja wake wa kila siku. Bendi haina isipokuwa waliopita mlangoni.

Hali haikuwa hivyo tangu mwanzo. Bendi nyingi kubwa zilimilikiwa na taasisi, ambazo zilinunua vyombo na kuwalipa wanamuziki mishahara. NUTA Jazz, iliyoanzishwa mwaka 1964 na baadaye kujulikana kama Msondo Ngoma, ilikuwa chini ya chama cha wafanyakazi.

Mlimani Park Orchestra, maarufu kwa mtindo wa Sikinde, ilianza mwaka 1978 katika baa iliyoipa jina lake, na mwaka 1983 ikachukuliwa na Shirika la Maendeleo Dar es Salaam (DDC).

Mpangilio huo ulikuwa na upande wake mgumu: mwanamuziki hakuwa na gitaa wala ngoma zake mwenyewe. Alipohama bendi, aliondoka na sauti na vidole vyake tu. Wenye mitaji walilitambua hilo, na kuwavuta wapigaji mahiri kutoka bendi moja hadi nyingine kukawa jambo la kawaida.

Ukumbi wa baa umeathiri hata umbo la nyimbo zenyewe. Wimbo wa dansi huanza taratibu, mashairi yakisikilizwa na watu waliokaa mezani, kisha huingia sehemu ya kasi iitwayo chemko, ambayo huwainua wateja na yaweza kurefushwa kadiri wanavyoendelea kucheza. Huo ndio wakati ambao wengine hupanda jukwaani kuwatunza waimbaji.

Utaratibu wa pili ni wa burudani isiyo na kiingilio. Hapa mwenye baa huilipa bendi kiasi walichokubaliana, akitarajia kukirudisha kwa mauzo ya usiku huo. Mwanamuziki hupata uhakika wa malipo, lakini hatima yake huwa mikononi mwa mtu mmoja mwenye kupiga hesabu za kreti.

Mauzo yakipungua, hatua ya kwanza huwa ni kupunguza watu. Bendi yenye safu ya magitaa, tarumbeta na saksafoni hubadilishwa kwa mwimbaji na mpiga kinanda chenye midundo iliyorekodiwa tayari. Hatua ya pili ni kuweka spika na santuri peke yake.

Aidha, kuna haki ya mtunzi. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inataka kibali cha mwenye haki pale kazi yake inapopigwa hadharani, hivyo bendi inayoishi kwa kurudia nyimbo za wengine haiondoi deni hilo kwa sababu tu inapiga moja kwa moja.

Kwa mpenzi wa dansi, maana yake ni nyepesi. Anayesubiri nje hadi mlinzi wa mlangoni aondoke ndipo aingie bure, amekula nyama ya mwenye baa na kumlipa. Aliyemchezesha usiku kucha ndiye hajamlipa.